Kifungu cha Saba na Korongo la Salvina

Kamuli, 14 Agosti 2023

Kemilembe mwanangu,

Nakusalimu. Baba yako hajambo isipokuwa macho. Mtoto wa jicho sasa amefunika na la pili, ananitambua kwa mwendo tu. Mimi mzima. Nakuandikia kwa sababu simu kwangu ni taa inayowaka na kuzima. Tangu homa ya uti wa mgongo ilipoondoka na masikio yangu unajua ilivyo, na kumpa kaka yako Projest anisemee sitaki. Atapunguza nusu, na nusu nyingine ataigeuza.

Jumatano watu wanne walipanda rweya, kilima chetu cha majani, wakiwa na Nolasco, mtendaji wa kijiji. Walibeba ndoo ya chokaa. Kila baada ya hatua hamsini waliweka jiwe na kulipaka likawa jeupe. Mstari wao umepita chini ya korongo langu, maana yake korongo lote liko ndani.

Nilikwenda ofisi ya kijiji, nikakuta karatasi zimebandikwa mlangoni: rasimu ya sheria ndogo ya kurejesha ardhi iliyoharibika. Mpaka hapo sikuwa na ubishi. Kilima kimekwisha, ng'ombe wanalamba udongo, kila mvua inashusha changarawe kwenye migomba ya watu. Lakini soma kifungu cha saba, nimekinakili neno kwa neno: "Eneo lililofungwa halitalimwa wala kuchungiwa mifugo kwa miaka mitano. Baada ya muda huo, haki ya kulitumia itakuwa ya kaya zenye vibanja vinavyopakana nalo."

Nimekisoma mara sita. Mimi sina kibanja, sina nyumba na migomba yangu. Nilipoachwa na mume wangu nilirudi kwa kaka yangu, akanipa chumba, na migomba ni yake. Changu ni hilo korongo. Nilipolianza mwaka 2014 ndama wa jirani yetu Beata alitumbukia humo akavunjika shingo. Leo linazaa maharage.

Nani aliyeandika hiki kifungu? Amewahi kupanda kilima hiki? Wewe uko ofisi ya sheria ya halmashauri ya wilaya hapo Rubwera, niulizie. Sipati usingizi, mwanangu.

Shangazi yako,
Salvina


Rubwera, 20 Agosti 2023

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeipata kwa mwenye bodaboda, naye anasubiri hapa nje nimpe majibu, kwa hiyo nisamehe haraka yangu.

Kwanza tulia. Rasimu si sheria. Itasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji tarehe 30 Septemba, wananchi watatoa maoni, halmashauri ya kijiji itaipitisha, ndipo ije kwa madiwani. Mpaka hapo kila neno linaweza kubadilika. Kilima hakiwezi kuachwa kama kilivyo, hilo wewe mwenyewe umesema. Chemchemi ya chini imefukiwa mara mbili katika miaka minne. Bila sheria yenye meno hakuna atakayeondoa ng'ombe wake.

Naomba uniandikie kazi yote uliyoifanya pale, mwaka kwa mwaka, na majirani walioiona.

Kuhusu aliyeandika kifungu, ni mtu wa ofisini tu, anayefanya kazi na makaratasi mengi. Usimjengee chuki.

Na jambo moja, tafadhali. Yale mawe meupe usiyaguse, wala mtu mwingine wa nyumbani asiyaguse. Kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la kupelekwa mahakamani.

Wako mtiifu,
Kemilembe


Kamuli, 2 Septemba 2023

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Umeniambia nitulie, nimejaribu.

Kazi niliyofanya ni hii. Mwaka wa kwanza niliziba mdomo wa juu kwa mawe na matawi ili maji yapunguze kasi. Mvua ya Aprili ikayasomba yote. Mwaka wa pili nikaweka vizuizi vitatu badala ya kimoja, na kati yake nikapanda matete. Kimoja kilibaki. Mwaka wa tatu nikaanza kuchimba mitaro ya kukinga maji, nikikikata kilima kwa ubavu, nikipima usawa kwa mpira wa maji alioniazima fundi aliyejenga zahanati. Watu walipita wakicheka. Najua kwa sababu kicheko huonekana. Mwaka wa nne Beata akaja kuniuliza nimefanyaje, nikamwonyesha, naye akaanza upande wake. Sasa tuko wanawake kumi na mmoja pale juu, na saba hawana kibanja kwa jina lao. Mwaka wa sita nilipanda maharage mara ya kwanza nikapata debe moja. Mwaka jana nilipata matano. Udongo ule niliukusanya kwa kuuzuia usikimbie, mvua baada ya mvua. Hakuna aliyenipa.

Lakini kuna jambo limenitia homa. Juzi Nolasco alikuja na daftari, akazungumza na baba yako barazani muda mrefu. Alipoondoka nikaona ukurasa: mahali pa korongo langu pameandikwa Melkiory. Kaka yangu! Nilimuuliza, akanipungia mkono kwamba niache. Tangu hapo tunakula bila kutazamana.

Mawe yapo tu.

Niambie kama jina likishaandikwa kwenye daftari linafutika.

Shangazi yako,
Salvina


Rubwera, 6 Septemba 2023

Shikamoo baba,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatia kabla sijamaliza. Projest akusomee mkiwa wawili, na shangazi asiione barua hii.

Baba, umeandikisha korongo la shangazi kwa jina lako. Amelitengeneza kwa mikono yake miaka tisa, tangu ungali unaona vizuri, nawe hukuwahi kubeba hata jiwe moja. Leo sheria inakuja, nawe unasogea mbele yake? Dada yako amebaki na nini duniani?

La pili ni baya zaidi. Nolasco ameleta taarifa ofisini kwamba mawe manne ya mpaka yamehamishwa, na yote manne ni ya pale korongoni. Anaomba mtu ashtakiwe, na jalada limewekwa mezani kwangu. Daftari lina jina lako. Nani mwingine ana faida ya kuyasogeza? Sijui nifanye nini na jalada lenye baba yangu ndani.

Na la tatu ni langu. Kifungu cha saba nilikiandika mimi. Nilikaa kwenye kiti nikaandika "kaya", nikidhani neno hilo linawatosha wote, kwamba shangazi yumo ndani ya kaya yako na wewe utamtazama. Aliponiuliza nani aliyekiandika, sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Asijue mpaka nipate namna ya kukirekebisha.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Kemilembe


Kamuli, 9 Septemba 2023

Kemilembe,

Barua uliyomwandikia baba yako nimemsomea mimi. Projest yuko Omurushaka tangu mwanzo wa mwezi, anapakia kahawa kwenye magari. Baba yako alishika bahasha siku nzima, jioni ikamshinda akaniletea. Hakujua kilichomo, na mimi sikujua.

Nilianza kusoma kwa sauti. Sauti yangu siisikii, kwa hiyo sijui niliposoma "shangazi asiione" ilitoka namna gani. Nilitaka kuacha. Baba yako akagonga meza mara mbili, ndivyo anavyoniambia niendelee. Nikaendelea mpaka jina lako chini.

Baada ya hapo akapapasa meza mpaka akanifikia. Kisha akashika kiganja changu akaniandikia kwa kidole, herufi moja moja, maana yeye haoni karatasi na mimi sisikii asemacho. Aliandika: NOLASCO ALISEMA MWANAMKE BILA KIBANJA HAWEZI KUANDIKWA. NIKAWEKA LANGU USIFUKUZWE. Nilimuuliza mbona hukuniambia. Akaandika: NILIONA AIBU. Aibu kwamba dada yake hatambuliki mpaka yeye asimame mbele yake.

Sasa na mimi niseme. Baba yako hawezi kuona jiwe jeupe hata akilikalia. Niliyahamisha mimi. Tarehe 22 Agosti, asubuhi, watu wakiwa msibani, niliyabeba moja moja hatua thelathini juu, korongo likabaki nje. Ulikuwa umeshaniandikia nisiguse. Nilikuwa nimeshaisoma barua yako. Nikakudanganya kwamba yapo.

Tumedanganyana, basi. Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti. Uliniambia nisimjengee chuki mtu wa ofisini. Nilikuwa namwombea kila Jumapili afunguke macho, nikiwa sijui kwamba ninamtaja mtoto niliyemfundisha kuandika a, e, i kwenye vumbi la uani.

Andika hayo mashtaka. Jina langu ni Salvina binti Rwegoshora. Usimtie baba yako.

Salvina


Rubwera, 12 Septemba 2023

Shikamoo shangazi,

Ni kweli, nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wangu wa kitengo nikamweleza kila kitu: kwamba wewe ni shangazi yangu, kwamba korongo lako limo kwenye rasimu niliyoiandika, na kwamba sifai kugusa jalada la mawe. Hakunikemea. Alichukua mafaili yote mawili akampa mwenzangu, Cassian. Ni mtu wa haki, lakini hakujui wewe na hajawahi kufika Kamuli.

Maana yake ni hii, shangazi: siwezi tena kukusaidia kwa lolote. Siwezi kusahihisha kifungu changu mwenyewe. Siwezi kuja kwenye mkutano nikasema, maana nikifungua mdomo watasema sheria imetengenezwa kwa ajili ya ukoo wangu, na kilima kizima kitakosa sheria. Mtu mwingine ndiye atakayesoma makosa yangu mbele yenu.

Neno moja la mwisho kama mwanao, wala si kama mwanasheria. Usiyarudishe mawe kwa siri. Ukionekana utakuwa umeyagusa mara mbili. Nenda kwa Nolasco mwenyewe, mwambie. Kosa likisemwa na mwenye nalo hupimwa tofauti na likifichuliwa.

Naomba unijibu, hata mstari mmoja.

Kemilembe


Rubwera, 25 Septemba 2023

Shangazi,

Siku kumi na tatu. Mwenye bodaboda anasema alikukabidhi mkononi, na kwamba uliitia mfukoni bila kuifungua.

Mvua imeanza huku tangu juzi, kubwa kuliko kawaida. Kwenye redio wanasema mwaka huu itazidi. Kila inapopiga bati nawaza vizuizi vyako. Nimempigia baba, akasema "tupo" akakata. Mkutano ni Jumamosi na sijui kama umekwenda kwa Nolasco, sijui kama Cassian amebadilisha chochote, na kumuuliza siruhusiwi. Anapita mbele ya meza yangu na yale mafaili, nami natazama pembeni.

Hata kama hutaki kuniandikia, tafadhali niambie korongo limesimama.

Kemilembe


Kamuli, 2 Oktoba 2023

Kemilembe,

Korongo limesimama. Kizuizi kimoja cha chini kimeondoka, viwili vipo.

Barua zako zote mbili nilizifungua Jumamosi asubuhi, nimeshavaa kwenda mkutanoni. Kwa Nolasco sikuwa nimekwenda. Niliogopa. Niliwaza nikisema watanipeleka Rubwera kituoni, na pale nani atajua kunieleza ninachoulizwa? Kwa hiyo nilikwenda mkutanoni nikiwa sijasema.

Watu walijaa uwanja wa shule. Beata alikaa nami na daftari, akiniandikia kila linalosemwa. Cassian wako ni mwembamba, ana miwani, alisoma polepole. Alipofika kifungu cha saba Beata aliandika: "Ni kile kile." Mkono wake ulikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Mzee mmoja wa upande wa wenye ng'ombe akasimama. Beata akaandika: "Anasema kabla ya kujadili kifungu, aliyehamisha mawe ajulikane. Anasema ni Melkiory, daftari linaonyesha." Nikamtazama baba yako. Alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, fimbo kati ya magoti, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta aliyemtaja. Macho yake hayakumpata mtu.

Hapo woga wangu ukaondoka, sijui ulikwenda wapi. Nikasimama. Beata anasema nilipiga kelele kama ninaita mtu ng'ambo ya bonde. Nilisema: "Mawe nimehamisha mimi, Salvina! Peke yangu! Kaka yangu haoni!"

Watu waliinuka. Niliona midomo tu, mingi, na mikono. Nolasco akaja kwangu, akauliza jambo, nikamwonyesha daftari. Akaandika mwenyewe: "Kwa nini?"

Nikamjibu kwa mdomo ili wote wasikie. "Kwa sababu sheria yenu inafunga kilima kilichoharibika, na pale pangu hapajaharibika tena. Mnakuja kukifunga nilichokwisha kukiponya, halafu baada ya miaka mitano mnampa mwingine. Niadhibuni kwa kuhamisha mawe, nimekosa. Lakini niambieni: mtu akitaka kuponya kilima hiki kesho, ataanzaje, akijua hana kibanja na hataandikwa?"

Nikakaa.

Yaliyofuata nayajua kwa daftari la Beata. Baba yako alisema: "Futeni jina langu. Sijawahi kubeba jiwe pale." Beata mwenyewe akasimama, kisha wale wengine tisa, mmoja mmoja, kila mmoja akitaja mtaro wake na mwaka aliouchimba. Mzee wa ng'ombe alisema wanawake wakiandikwa kilimani kesho watadai na vibanja. Wengine walimpigia makofi, nisikufiche. Cassian akauliza kama kuna pendekezo la maneno. Waliyabishania mpaka jua likapinda. Hatimaye yakaandikwa hivi: "Haki ya kulitumia itakuwa kwanza ya mtu aliyefanya kazi ya kulirejesha, mwanamke au mwanamume, awe na kibanja au asiwe nacho, akithibitishwa na majirani wawili." Mikono ya kukubali ilikuwa mia moja na arobaini na mbili. Ya kukataa themanini na tisa.

Kuhusu mawe, Cassian alisema kijiji kikimaliza jambo chenyewe atalieleza hivyo kwenye jalada. Nimeamriwa kuyarudisha mbele ya mashahidi, na kuchimba mitaro ya hatua arobaini upande wa malisho kabla ya Krismasi. Nimeyarudisha jana.

Kwa hiyo korongo langu limefungwa. Miaka mitano bila jembe, majani tu ya kukata. Nina miaka hamsini na nane. Maharage ya mwaka huu ndiyo ya mwisho, nayo bado machanga.

Kama nimekusamehe sijui. Usiniulize sasa. Kuna kuchimba.

Salvina


Rubwera, 18 Januari 2024

Shikamoo shangazi,

Leo baraza la madiwani limeipitisha sheria ya kijiji chenu. Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi la korido, kwa sababu ya undugu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Diwani mmoja aliomba maneno "au asiwe nacho" yaondolewe, akisema yataleta migogoro. Nikasogea mpaka ukingo wa benchi, shangazi, nisikie vizuri. Kisha Cassian akaeleza. Sikuyapata yote, ila nilimsikia akisema: "Niliwaona wakitaja mitaro yao." Maneno yamebaki.

Nakala nimeiambatanisha, ina muhuri. Kifungu cha saba si changu tena. Nimekisoma na kuona aibu, na furaha, na siwezi kuzitenganisha.

Projest ameniambia ulimaliza hatua arobaini Novemba, kwenye mvua ile, na kwamba uliugua kifua. Hukuniambia. Najua sina haki ya kudai uniambie.

Nina hofu ya miaka mitano. Nitatuma maharage kila mwezi, hilo usinikatalie.

Kemilembe


Kamuli, 30 Januari 2024

Kemilembe mwanangu,

Kifua kimepona. Maharage lete, baba yako anayapenda ya njano.

Jana tuliandikishwa. Nolasco aliweka meza chini ya ukuta wa ofisi, na Cassian alikuja na fomu. Alipofika kwangu alinitazama usoni na kusema polepole ili nisome midomo. Jina kamili. Nikaandika. Eneo. Nikaandika. Mwaka wa kuanza kazi. Mashahidi, Beata na jirani yake wakatia saini. Baba yako aliomba kuigusa karatasi. Nikamwekea kidole pale penye jina langu, akakipitisha juu ya wino, taratibu, kana kwamba herufi zimeinuka juu ya karatasi.

Nisikudanganye kwamba roho imetulia. Ng'ombe wanne waliingia wiki iliyopita wakakanyaga matete ya mtaro wa juu, na aliyewachunga alikana. Yule mzee haniitikii salamu. Miaka mitano ni mingi kwa mwanamke wa umri wangu, na karatasi yenye muhuri haizuii kwato. Kila asubuhi napanda kuhesabu vizuizi kabla ya kunywa chai.

Nafasi ya mwisho kwenye fomu iliuliza nani atapokea haki hii nikifa. Wote walifikiri nitamwandika Projest. Nilishika kalamu muda, mpaka Cassian akadhani sijaelewa.

Nimeandika jina lako. Hukuniuliza ulipoandika kifungu chako, nami sikukuuliza nilipoandika changu. Kama unataka kukataa, njoo ukatae hapa ukiwa umesimama ndani ya korongo. Vaa viatu vya shambani. Kizuizi cha chini bado kinahitaji mawe.

Shangazi yako,
Salvina